Ugonjwa wa Nyasha: Uhakiki wa Riwaya ya "Nervous Conditions"

Miongoni mwa riwaya zilizotungwa na Waafrika kwa Kiingereza, ni chache zilizosomwa na kujadiliwa vyuoni kama "Nervous Conditions" ya Bi. Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe, iliyopigwa chapa London mwaka 1988, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Waandishi ya Jumuiya ya Madola kwa upande wa Afrika. Mengi yamekwisha kuandikwa juu yake. Walakini katika mengi hayo liko jambo moja ambalo wahakiki hulipita mbio, kana kwamba ni daraja tu la kuvukia kwenda kwenye mambo makubwa zaidi: kwamba katika kitabu hiki yumo msichana asiyekula, au alaye kisha akajitapisha kwa siri, na kwamba msichana huyo anakaribia kufa.

Kauli ya kawaida ni kwamba njaa ya Nyasha ni mfano. Wengine husema ni mfano wa nchi iliyolishwa elimu ya kigeni hata ikashindwa kuimeza. Wengine, ni mfano wa mwanamke aliyelemewa na amri za wanaume. Kauli hizo si za uongo. Jina lenyewe la riwaya limetoka katika dibaji ambayo Jean-Paul Sartre aliiandikia kitabu cha Frantz Fanon cha mwaka 1961 juu ya viumbe waliolaaniwa wa dunia, na usiku wa kuzidiwa kwake Nyasha anakitafuna kitabu cha historia ya wakoloni kwa meno. Mtungaji hakuficha alichotaka kionekane. Lakini mhakiki akiisha kusema kwamba ugonjwa ni mfano wa kitu kingine, mara nyingi huuacha ugonjwa wenyewe, asiulize ulianzaje, nani aliuona, nani aliukana, wala msaada ulitafutwa kwa njia gani. Na hayo ndiyo maswali ambayo riwaya yenyewe inayauliza kwa uangalifu mkubwa kuliko yote.

Hadithi yasimuliwa na Tambudzai, kwa ufupi Tambu, binti wa mkulima maskini aitwaye Jeremiah, katika nchi iliyoitwa wakati huo Rhodesia. Kaka yake Nhamo alikuwa akisomeshwa na ndugu mkubwa wa baba yao, mwalimu mkuu wa shule ya misheni karibu na mji wa Umtali, ambao leo ni Mutare. Nhamo alipofariki mwaka 1968, nafasi ile alipewa Tambu. Huko misheni akakaa chumba kimoja na Nyasha, binti wa mwalimu mkuu, aliyeishi Uingereza na wazazi wake kwa miaka mitano ya utoto na kurudi akiwa amekisahau Kishona kwa sehemu kubwa.

Mwalimu mkuu huyo katika kitabu kizima huitwa Babamukuru, na mkewe huitwa Maiguru. Msomaji wa Kiingereza huyachukua hayo kuwa majina ya watu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa kwamba hao ni baba mkubwa na mama mkubwa, maneno ya ukoo mmoja na yake mwenyewe kwa matamshi ya Kishona. Na jambo hilo si dogo, maana hupata bure jambo ambalo wengine hulitafuta katika maelezo. Baba mkubwa ndiye mwenye kulisha ukoo. Ada, nguo, unga na sukari vyatoka mkononi mwake, na heshima yake hupimwa kwa sahani zilizojaa mezani pake. Akataaye chakula cha baba mkubwa hakukataa wali na mchuzi peke yake, bali ameikataa ile sadaka ambayo kwayo ukoo mzima unasimama. Babamukuru analijua hilo, na Nyasha analijua.

Ndiyo maana meza ya chakula ni mahali pa vita katika nyumba hii tangu jioni ya kwanza ya Tambu. Yeye mgeni hawezi kutumia uma na kisu, na aona aibu. Nyasha, mwenyeji, ajipakulia kabla ya baba yake kumaliza kupakuliwa, kisha akagombana na wazazi juu ya kitabu walichomwondolea, na baadaye hataki kula tena. Baba aamuru aketi ale. Jambo laonekana dogo, la utovu wa adabu wa mtoto aliyelelewa ughaibuni, na msomaji asiyeangalia huenda akacheka. Lakini kila kitakachotokea mwishoni kimo humo tayari: chakula, amri, na mtu ambaye njia yake pekee ya kusema "sitaki" ni kinywa kilichofungwa.

Hapa lugha ya Kiswahili yaweza kumsaidia mhakiki kuliko Kiingereza. Kiswahili kina maneno mengi ya kuacha kula, na kila moja lina sababu yake. Afungaye huacha chakula kwa ajili ya Mungu. Ajinyimaye huacha ili wengine wapate, au ili fedha isalie. Akinaiye ameshiba hata kinyaa. Mgonjwa wa homa husema chakula hakipandi. Na yuko asusaye, naye ndiye ajulikanaye zaidi nyumbani: mtoto aliyekasirishwa huisukuma sahani na kugeuza uso, naye husubiri abembelezwe. Kususa ni maneno yasiyotamkwa. Huhitaji watazamaji, asusaye peke yake jikoni, bila mtu kumwona, hakususa.

Babamukuru amwonapo binti yake hali, aona kususa, na kwa fahamu yake kususa kwa binti mbele ya baba ni uasi. Basi hajibu kwa kubembeleza, bali kwa kuamrisha. Lakini Nyasha amekwisha kutoka katika kususa na kuingia mahali ambapo hakuna hata moja kati ya maneno yale linalofaa. Akiwa mezani, apewapo amri, yeye hula. Hula upesi, sahani nzima, kisha huomba ruhusa na kwenda maliwatoni akajitapishe. Asusaye hutaka kukataa kwake kuonekane. Nyasha huonyesha utii na kuficha kukataa. Tena bado huona njaa.  Mfasiri yeyote wa riwaya hii akiandika "alisusa" kila mara Nyasha aachapo chakula, atakuwa ameandika hukumu ya Babamukuru, si hali ya Nyasha.

Ugonjwa huu haukuwa mpya duniani. Mwaka 1873 Daktari William Gull wa London na Daktari Lasègue wa Paris waliueleza, kila mmoja kwa njia yake, na Gull ndiye aliyeupa jina la anoreksia nevosa linalotumika mpaka leo. Ile namna ya kula kwa pupa na kujitapisha ilipewa jina lake, bulimia nevosa, na Daktari Gerald Russell wa London mwaka 1979. Hadithi ya Nyasha yafikia kilele mwanzo wa miaka ya 1970. Kwa hiyo sehemu moja ya maradhi yake ilikuwa na jina kwa karibu miaka 100, na sehemu ya pili ilikuwa bado. Bi. Dangarembga mwenyewe alianza kusomea udaktari Cambridge, akaacha na kurudi kwao mwaka 1980, akasoma saikolojia katika Chuo Kikuu cha Zimbabwe. Alijua anachoandika. Hata hivyo jina la ugonjwa halitajwi kitabuni hata mara moja, na hilo ni la sifa kubwa kwake, kwa sababu hakuna mtu katika nyumba ile ambaye angeweza kulitaja.

Dalili zaja kidogo kidogo, na kila dalili yamkuta mtu mwenye shughuli nyingine. Tambu akiwa amekwenda shule ya watawa ya Sacred Heart apata barua ambamo Nyasha amtajia, kama jambo la kupita tu, kwamba ameanza kupunguza chakula ili kuutia mwili adabu na kuipa akili kazi. Tambu hakuishika habari hiyo kama onyo. Alipokuja likizoni alimkuta mwenziwe mifupa mitupu, akikesha na hesabu ambazo majibu yake ni sahihi lakini yeye hayaamini. Maiguru aona, lakini Maiguru ni mwanamke mwenye shahada sawa na mumewe, ambaye mshahara wake umezama katika nyumba ya mume na sauti yake vilevile. Baba aona pia, na aona utovu wa heshima.

Kisha yaja jioni ambayo Nyasha azirai mezani, uso ukaanguka katika sahani. Babamukuru adhani binti anafanya kioja, na amwamuru aende chumbani. Usiku wa manane Nyasha aamka, avunja vioo na vyungu alivyovifinyanga mwenyewe, ajichoma kwa vigae, na kulia kwamba wao wamefanywa hivi, wazazi wake pia, na baba yake kuliko wote. Baada ya hapo ajikunja mapajani mwa mama yake kama mtoto mdogo. Hakuna ukurasa katika riwaya nzima ulioandikwa kwa nguvu kama huu, na yafaa kuangalia kwamba hata katika ghadhabu ile Nyasha hamlaumu baba yake peke yake. Amwona naye kuwa mgonjwa wa jambo lile lile.

Kesho yake wakaenda Salisbury, ambayo leo ni Harare, kwa kaka wa Maiguru, na mjomba huyo akafanya haraka kumtafuta daktari wa magonjwa ya akili. Daktari, Mzungu, akasikiliza, akatoa hukumu yake: Nyasha hawezi kuwa mgonjwa, kwa kuwa Waafrika hawaugui namna ile, msichana anafanya kioja, arudishwe nyumbani na kushikwa kwa mkono wa nguvu.

Wahakiki wengi wameona ubaguzi katika maneno hayo, na ni sawa. Wachache wameona kwamba ni maneno ya Babamukuru yaleyale. Baba alisema binti anafanya kioja. Mtaalamu naye, aliyetafutwa kwa safari ndefu na kwa fedha, asema anafanya kioja. Mtungaji hakukosea kurudia. Mkoloni na baba mwenye nyumba, ambao wahakiki hupenda kuwaweka katika sura mbili za uchunguzi, wakutana hapa katika sentensi moja, na Babamukuru aona faraja kuu kuisikia, hata ataka kufunga safari arudi siku ile ile.

Wala mtungaji hakuubuni ujinga wa daktari yule. Ulikuwa na vitabu vyake, na kimoja kiliandikwa na mtu aliyefanya kazi Afrika Mashariki. Daktari J. C. Carothers aliiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 mpaka 1950, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likapiga chapa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na kusema kwamba ugonjwa wa huzuni ni nadra kwa Waafrika. Fanon alimshambulia Carothers katika kitabu kile kile cha 1961 ambacho dibaji yake ilimpa Bi. Dangarembga jina la riwaya. Hivyo daktari wa Salisbury haji ghafula mwishoni mwa hadithi. Amekuwa akisubiri katika jalada. Na miaka minne kabla ya riwaya kutoka, mwaka 1984, Buchan na Gregory walichapisha katika jarida la Uingereza la magonjwa ya akili habari za Mzimbabwe mweusi mwenye anoreksia nevosa.

Lakini kitabu chamkanusha daktari kwa njia bora kuliko ya majarida, na njia hiyo imo kurasa chache nyuma, katika sehemu ambayo wasomaji huisahau. Mama yake Tambu alipojua kwamba binti yake atapelekwa kwa watawa, baada ya kwisha kumpoteza Nhamo, alipunguza kula siku hata siku, mpaka akawa hali kabisa, haogi, habadili nguo, wala hamjali mtoto wake mchanga. Hakuna aliyemwita daktari, na hakuna aliyesema kwamba wanawake wa Kiafrika hawaugui hivyo. Aliitwa Lucia, mdogo wake, mwanamke ambaye ukoo ulimsema vibaya. Lucia akampeleka mto Nyamarira, akamwogesha, akamtia katika mazungumzo ya wanawake waliokuwa wakifua, akampikia chakula chenye nguvu na kumlisha. Mama akapona.

Ukurasa huo ukisomwa pamoja na ule wa Salisbury, mambo mawili yaonekana. Kwanza, kwamba moyo uliojeruhiwa waweza kufunga kinywa cha mwanamke shambani kama cha msichana aliyetoka Uingereza, ijapokuwa maradhi hayo mawili si mamoja. Pili, kwamba yule mama, aliyepona kwa njia ile, ndiye baadaye atakayesema kuwa Nyasha ameuawa na Uingereza, na kwamba Uingereza huo utawamaliza wote. Wahakiki hulichukua neno lake kuwa hekima ya kitabu. Lina ukweli ndani yake. Lakini mama na daktari wa Kizungu, wakitoka pande zilizo mbalimbali kabisa, wamefika mahali pamoja: kwamba ugonjwa huu si wetu. Aliye mgonjwa huachwa katikati. Hata mhakiki wa leo, anaposema njaa ya Nyasha ni mfano wa ukoloni na kukomea hapo, huketi bila kujua upande wa daktari, kwa kuwa naye amemnyima Nyasha haki ya kuwa na mwili unaougua.

Nyasha mwenyewe aliomba msaada. Hili halitiliwi maanani inavyostahili. Aliposikia hukumu ya daktari wa kwanza, alisihi apelekwe kwa daktari wa akili aliye Mwafrika. Hakukuwako daktari mweusi wa kazi hiyo. Mjomba, asiyekubali wageni wake waondoke bila kujua lililowapata, alimshawishi amwone Mzungu wa pili, na huyu alikuwa mtu mwenye utu: alisema msichana ahitaji kupumzika. Akalazwa kliniki kwa majuma kadhaa, akapewa dawa ya kutuliza iitwayo Largactil, na hali yake ikaanza kuwa njema kidogo kidogo kwa dawa hiyo na kwa jamaa wa kike aliyemtembelea kila siku. Kiingereza chamtaja huyo kwa neno moja tu, ambalo Kiswahili hakiwezi kulipokea bila kuuliza: shangazi, mama mdogo, au mke wa mjomba? Kwa mwendo wa hadithi yaelekea ni mke wa mjomba, yaani mwanamke wa nyumba ile ile iliyokataa kumrudisha Nyasha haraka.

Sehemu hii ndiyo dhaifu kuliko zote katika riwaya. Daktari wa pili hana uso wala neno lake mwenyewe. Yule jamaa ajaye kila siku hasikiki akisema kitu. Mambo ambayo mgonjwa wa namna hii huyahitaji zaidi, yaani kuzoeshwa tena kula kwa wakati, na kusikilizwa na mtu asiyemhukumu, yamepitwa kwa mistari michache, hali siku moja ya Lucia mtoni imepewa nafasi yake kamili. Yaweza kujibiwa kwamba msimulizi ni Tambu, na Tambu alirudi shuleni kabla ya mwenziwe kupona; msomaji hawezi kuona asichokiona msimulizi. Jibu hilo ni la haki, tena lina uchungu wake, kwa kuwa kuondoka kwa Tambu ni sehemu ya lawama anayojitwika. Lakini halitoshi. Tambu ameweza kusimulia kwa urefu mengi aliyoyasikia kwa wengine.

Na upungufu huo una hasara, kwani swali la riwaya, yaani nani amlishe Nyasha na kwa mkono gani, ndilo hasa lililokuja kuwashughulisha madaktari. Katika miaka ya 1980 waganga wa hospitali ya Maudsley, London, walijaribu njia ya kuwaita wazazi na kuwakabidhi kazi ya kumlisha kijana wao mgonjwa, bila kuwalaumu na bila kumlaumu yeye. Uchunguzi wao uliotolewa mwaka 1987 ulionyesha kwamba kwa vijana ambao ugonjwa wao haujakawia njia hiyo ilifaa kuliko kumtibu kijana peke yake. Huko Aro, Abeokuta, Nigeria, tangu mwaka 1954 Daktari Thomas Adeoye Lambo alikuwa amekwisha kuwapokea wagonjwa wa akili pamoja na jamaa zao, wakakaa nao vijijini. Kosa la Babamukuru, basi, halikuwa kutaka binti yake ale. Mzazi yeyote angetaka hivyo. Kosa lake lilikuwa kuifanya kila tonge kuwa kipimo cha heshima yake, na kutishia kuondoa ada, nguo na chakula chenyewe kwa mtoto ambaye ugonjwa wake ni chakula.

Hadithi iliendelea katika vitabu viwili vingine, "The Book of Not" cha mwaka 2006 na "This Mournable Body" cha mwaka 2018, kilichofika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker mwaka 2020. Katika hicho cha tatu Nyasha amepona. Amerudi Zimbabwe akitoka Ujerumani na mume Mjerumani na watoto, na nyumbani kwake awafundisha vijana. Aliyeanguka safari hii ni Tambu, yule mwenye bidii, yule aliyekwenda shuleni huku mwenziwe amelala kliniki: yeye ndiye alazwaye katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na atokapo apelekwa nyumbani kwa Nyasha. Mlo ambao Nyasha aliula mara ya kwanza kwa amani, na mtu aliyeketi naye mezani siku hiyo, havimo katika kitabu chochote kati ya vyote vitatu.